King's Indian au Grünfeld? Kuchagua ulinzi wa Nyeusi dhidi ya 1.d4

Mpinzani amesukuma d4. Umejibu Nf6, akaja na c4, ukaweka g6, akamtoa farasi hadi c3. Mpaka hapo hujaamua kitu, kwa sababu hatua hizi ni zilezile kwa kila anayependa kumwachia Nyeupe katikati ya ubao kwanza, halafu aje kuivunja baadaye. Uamuzi uko kwenye hatua ya tatu. Ukicheza 3...Bg7 na kufuatisha d6, umeingia King's Indian. Ukicheza 3...d5, umeingia Grünfeld. Kuanzia hapo njia zinaachana kabisa, kiasi kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa moja na akaonekana mgeni kwenye nyingine.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mchezaji mwenye kazi, familia na saa chache za chesi kwa wiki, King's Indian ndiyo ya kuchukua, ingawa injini, yaani programu za kompyuta za chesi, haziipendi. Ninapopima ulinzi wowote sianzi na swali la nani anaucheza au kompyuta inaupa alama ngapi. Naanza na hili: utapatwa na nini siku utakaposahau ulichosoma? Maana utasahau, tena mbele ya saa inayokimbia.

Herufi ninazotumia ni zile za programu za simu: N ni farasi, B ni askofu, R ni ngome, Q ni malkia, K ni mfalme. Hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari, x ni kula, + ni kumtishia mfalme, nukta tatu baada ya namba ni hatua ya Nyeusi, na 0-0 ni mfalme kuingia ngomeni kwa upande wa karibu.

Wazo moja, tabia mbili

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wachezaji kadhaa wa Ulaya, akina Richard Réti, Aron Nimzowitsch na Savielly Tartakower, walichoka na mafundisho ya Siegbert Tarrasch kwamba katikati ya ubao lazima ishikwe kwa askari. Wao walidai katikati inaweza kutawaliwa kutoka mbali, kwa farasi na kwa askofu aliyewekwa kwenye fianketo (pembeni, mbele ya askari aliyesogezwa, akitazama mshazari mrefu), na kwamba askari wa adui waliosonga mbele mapema wanageuka mzigo wa kulindwa. Wakaitwa wahaipamoderni. Wengi waliwaona wakorofi tu, mpaka mwaka 1924 mjini New York Réti alipomfunga José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, aliyekuwa hajapoteza mchezo kwa miaka minane.

Ila ukitaka kujua mbegu ilianzia wapi, nenda Kolkata mwaka 1855. Huko Mbengali aitwaye Moheschunder Bannerjee alikuwa akicheza mara kwa mara na mwanasheria John Cochrane kutoka Uingereza. Katika mchezo wao mmoja Moheschunder alijibu 1.d4 kwa Nf6, g6 na d5, hatua kwa hatua, na akashinda. Ernst Grünfeld wa Vienna aliuleta mpango huo kwenye mashindano makubwa mwaka 1922, na mwaka huohuo akamfunga nao Alexander Alekhine. Kwa hiyo jina limebaki kwa Mwaustria, ingawa Mbengali alimtangulia kwa zaidi ya miaka 60.

King's Indian ilichelewa kuheshimiwa. Ilionekana ulinzi wa kujibana bila sababu hadi miaka ya 1940, wachezaji wa Kisovieti kama Isaac Boleslavsky na David Bronstein walipoonyesha kwamba kubanwa kule ni kwa muda, na kwamba chini yake kuna baruti.

Hapo ndipo tofauti ya tabia ilipo. Grünfeld inaipiga katikati papo hapo, kwenye hatua ya tatu, na haiachi kuipiga. King's Indian inasubiri, inajipanga, inaacha ifungwe, kisha inamwendea mfalme.

King's Indian

Mstari mkuu ni huu: 3...Bg7 4.e4 d6 5.Nf3 0-0 6.Be2 e5 7.0-0 Nc6 8.d5 Ne7. Simama hapo uutazame ubao. Askari wa Nyeupe wako d5 na e4, wa kwako d6 na e5, wameshikana na hakuna anayeweza kusogea. Katikati pakishafungwa hivyo, kila upande unalazimika kushambulia ubavuni. Mnyororo wa askari wako unaelekea kwa mfalme wa Nyeupe. Wa Nyeupe unaelekea upande wa malkia wako. Ubao wenyewe umeshakwambia la kufanya.

Mpango wa Nyeusi unaweza kumweleza mtu kwa dakika mbili akaondoka nao. Farasi wa f6 anapisha, unasukuma f5, halafu f4, halafu g5. Farasi wa e7 anakwenda g6. Ngome ya f8 inapanda f7, ambapo inalinda c7 na wakati huohuo iko tayari kuhamia g7. Kisha h5 na g4. Nyeupe nayo haijalala: inasukuma c5, inaleta ngome c1, inaingiza farasi b5, inabisha hodi c7. Ni mbio. Lakini zawadi hazilingani. Nyeupe ikiwahi inashinda askari au ngome. Wewe ukiwahi unamfunga mfalme, na mchezo umekwisha. Ndiyo maana hata pale injini inapoonyesha Nyeupe iko juu, binadamu aliyekaa upande ule anafuta jasho.

Mwaka 1953 michezo miwili ilionyesha namna mbio hizi zinavyokwenda: kwanza Svetozar Gligorić alimfunga Miguel Najdorf kwenye mashindano ya Mar del Plata, Argentina, kisha Najdorf mwenyewe akautumia mstari huu kumfunga Mark Taimanov kule Zürich. Michezo yote miwili mshindi alikuwa na Nyeusi. Mstari huu bado unaitwa kwa jina la mji ule wa Argentina. Ukitaka kuielewa King's Indian kwa jioni moja tu, pitia michezo hiyo miwili polepole, bila injini, ukijiuliza kila mara Nyeupe ingeweza kuwahi wapi.

Kuna kete moja ambayo wanaoanza huikosea: askofu wa c8. Anaonekana amelala. Hatua ya ishirini inafika hajasogea, na mkono unawasha kumtoa nje au kumbadilisha na kitu chochote. Mwache. Yeye ndiye anayelinda mraba wa g4 askari wako anapofika kule, na ndiye anayejitoa mhanga h3 siku ya mwisho ili kuvunja ukuta wa mfalme. Bila yeye, f4 na g4 ni kelele tupu. Wachezaji wa Nyeupe wanaojua kazi yao huleta farasi b5 wakimwinda huyohuyo, na ukimfukuza kwa a6, wakati mwingine farasi anaruka a7 badala ya kurudi, ilimradi amle askofu. Mtu anayetumia hatua tatu kuua kete isiyosogea anakueleza mengi kuhusu thamani yake.

Sasa ubaya. Askofu wa g7, uliyemwekea fianketo kwa mbwembwe, amezibwa na askari wako mwenyewe wa e5. Shambulio likikwama, anabaki kutazama mgongo wa yule askari mpaka mchezo uishe, na mwisho wa mchezo wenye askofu wa namna hiyo ni mateso ya polepole. Nafasi pia ni finyu. Kuna wachezaji wasioweza kuvumilia kukaa hatua kumi na tano wakiwa na mistari mitatu ya kupumulia, na hao hawana haja ya kujilazimisha.

Halafu kuna 9.b4, shambulio la singe. Nyeupe haipotezi muda kumrudisha farasi e1. Inaanza kusukuma upande wa malkia mara moja. Vladimir Kramnik alimfunga nalo Garry Kasparov mjini Novgorod mwaka 1997, na Kasparov, aliyekuwa ameibeba King's Indian kwa miaka mingi, baada ya hapo hakuitegemea tena. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba ulinzi ulizikwa siku ile. Haukuzikwa, miaka iliyofuata Teimour Radjabov aliucheza dhidi ya wakubwa wote na akaendelea kupata pointi. Kwa mchezaji mwenye kiwango (alama za nguvu ya mchezaji) cha 1500 au 1700, jibu la 9...Nh5, farasi akiitazama f4, linakutosha kwa muda mrefu.

Mistari mingine naipita haraka. Dhidi ya 5.f3, yaani Sämisch, jibu kwa 0-0 na baada ya 6.Be3 cheza c5. Hata Nyeupe ikimla askari huyo, maendeleo ya kete zako yanamlipa. Dhidi ya askari wanne, 5.f4, vilevile 0-0 kisha c5. Nyeupe ikiweka fianketo yake kwa g3, mchezo unapoa, na huu ndio mstari ninaouona mgumu kweli kwa mpenda vurugu, kwa kuwa mfalme aliye nyuma ya askofu wa g2 hashambuliki kirahisi.

Na kuna mpinzani mwoga, au mjanja, ambaye hatua ya saba anacheza 7.dxe5 dxe5 8.Qxd8 Rxd8. Malkia wote wameondoka na ndoto yako ya kumfunga mfalme imeondoka nao. Usinune. Akila 9.Nxe5, unajibu Nxe4 na askari amerudi. Akicheza 9.Bg5, weka Re8, na baada ya 10.Nd5 Nxd5 11.cxd5 c6 mko sawasawa. Kwa ujumla miundo hii ni mizuri kwako kuliko inavyoonekana: askari wake wa c4 na e4 wameacha tundu d4, ilhali wewe c6 yako inaziba d5. Wapinzani wengi wanaobadilisha malkia ili wapate sare hawajui kwamba wameingia mahali ambapo wao ndio wenye udhaifu.

Grünfeld

3...d5 4.cxd5 Nxd5 5.e4 Nxc3 6.bxc3 Bg7. Nyeupe ina askari c3, d4 na e4, wamesimama vifua mbele. Wewe huna hata askari mmoja katikati. Kwa mafunzo ya kawaida ya chesi hii ni aibu. Kwa Grünfeld ndiyo hasa hali unayoitaka, kwa kuwa sasa una shabaha, nayo ni d4.

Kila kitu unachofanya kinaigusa d4. Askofu wa g7 anaitazama kwenye mshazari mrefu. Unasukuma c5. Farasi anakuja c6. Askofu mwingine anakwenda g4 kumbana farasi wa f3 anayesaidia kuilinda. Ngome inakuja d8. Malkia anaruka a5 na kumsumbua askari wa c3 anayeishikilia kutoka nyuma. Nyeupe inalazimika kutumia nguvu zake zote kulinda kile ilichojivunia hatua ya tano. Mpango ukikaa sawa, hakuna raha kama hiyo kwenye chesi: kete zako zote zinapumua, mishazari iko wazi, na hakuna askofu aliyezibwa.

Faida ya pili inaonekana baadaye. Mkibadilishana askari d4, unabaki na askari wawili, a na b, dhidi ya mmoja wa a upande wa malkia. Mwisho wa mchezo ukifika, wawili hao wanazaa askari aliyepita, yaani asiye na askari wa adui wa kumzuia, mbali na mfalme wa Nyeupe. Kuna mstari, 7.Nf3 c5 8.Be3 Qa5 9.Qd2 Nc6 10.Rc1 cxd4 11.cxd4 Qxd2+ 12.Kxd2, ambapo kufikia hatua ya 12 malkia wamekwisha ondoka na mfalme wa Nyeupe amesimama katikati ya ubao. Wanaodhani Grünfeld ni fataki tupu hushangaa hapo. Mwenye mkono mzuri wa kumalizia michezo atajisikia nyumbani.

Nao wamo wengi wa aina hiyo juu kabisa: Peter Svidler, bingwa wa Urusi mara nane, ameibeba Grünfeld maisha yake yote ya chesi, na Maxime Vachier-Lagrave wa Ufaransa vilevile. Kasparov aliitumia dhidi ya Anatoly Karpov mwaka 1986 na tena kule Sevilla 1987. Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1956 kijana wa miaka 13, Bobby Fischer, alimwachia Donald Byrne malkia wake kwenye hatua ya 17, kwa kumrudisha askofu e6, na akashinda mchezo ambao bado unafundishwa kila mahali. Ulianza na 1.Nf3, ukaishia kwenye muundo wa Grünfeld.

Tatizo ni kiasi cha kusoma. Katika King's Indian, mistari inatofautiana lakini wazo linabaki. Katika Grünfeld, kila jibu la Nyeupe linadai dawa yake, na dawa ya huku ni sumu kule.

Mfano mzuri ni 7.Nf3 c5 8.Rb1. Kwa nini Nyeupe inaisogeza ngome mapema hivyo? Kwa sababu ikitoka a1, mshazari mrefu wa askofu wako hauna tena cha kunyakua mwishoni, na hapohapo b7 yako inabanwa, kiasi kwamba askofu wa c8 hawezi kutoka bila kufikiri mara mbili. Sasa yule farasi wa c6, aliyefaa kabisa katika mstari wa 7.Bc4 c5 8.Ne2 Nc6, hapa anakutana na d5 na kuanza kukimbia. Njia kuu badala yake ni 8...0-0 9.Be2 cxd4 10.cxd4 Qa5+ 11.Bd2 Qxa2, unamla askari kabisa, halafu 12.0-0 Bg4, na Nyeupe inapata katikati kubwa na mashambulizi kama fidia. Nani angeyagundua haya peke yake ubaoni, akiwa na dakika kumi? Lazima uwe umeyajua kabla ya kuketi.

Na bado hujamaliza. Kuna mfumo wa Kirusi, 4.Nf3 Bg7 5.Qb3 dxc4 6.Qxc4 0-0 7.e4, ambao wenyewe una majibu matatu tofauti. Kuna 4.Bf4, unaoonekana mpole lakini si mpole. Kuna 3.f3, ambapo Nyeupe inahakikisha kwamba baada ya 3...d5 4.cxd5 Nxd5 5.e4 farasi wako hana wa kubadilishana naye na inabidi arudi b6. Kila kimoja kati ya hivi ni faili lake.

Siku ya kusahau

Aprili 2010, Sofia, mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa wa dunia. Viswanathan Anand, bingwa mtetezi, ana Nyeusi dhidi ya Veselin Topalov, na anachagua Grünfeld. Alikuwa amefika Bulgaria kwa safari ndefu ya gari kutoka Frankfurt, baada ya majivu ya volkano ya Iceland kusimamisha ndege. Kwenye hatua ya 23 anauweka mfalme f7. Topalov anamtoa farasi mhanga f6, na kufikia hatua ya 30 Anand amesalimu. Baadaye alieleza kwamba alichanganya mpangilio wa hatua alizokuwa ameziandaa. Mechi yenyewe alikuja kuishinda, lakini mchezo ule haukuwa na namna ya kuokolewa.

Kama bingwa wa dunia mwenye kikosi cha wasaidizi anaweza kuchanganya hatua moja akapotea kabisa, sisi tunaosoma kwenye daladala tuseme nini? Grünfeld imetoa katikati kwa mkopo. Usiporudisha presha kwa wakati, d5 inasogea, halafu e5, halafu h4 na h5, na hakuna askari wako hata mmoja wa kumzuia mtu.

Ukisahau katika King's Indian hali ni tofauti. Umebanwa, ndiyo. Lakini katikati pamefungwa, na kufungwa kule kunakupa muda. Hujui hatua ya 14 ya kitabu? Sukuma kile askari kinachoelekea kwa mfalme, peleka kete upande ule, na mara nyingi utakuwa umecheza kitu cha pili au cha tatu kwa ubora. Hutakuwa sawa, lakini utakuwa hai, na mpinzani naye atakuwa hajui. Kwenye michezo ya dakika tatu au tano hilo lina thamani kuliko alama ya injini. Stockfish, injini maarufu, inaipa Nyeupe faida kubwa zaidi katika King's Indian kuliko katika Grünfeld, na kwa hilo sibishani nayo. Ninachosema ni kwamba Stockfish haina jasho wala saa.

Mpinzani asiyefuata kitabu

Jambo hili vitabu vya ufunguzi hulipa kurasa chache mwishoni, ilhali kwenye mashindano ya wikendi na kwenye simu ndilo linalotokea kila siku. Umesoma Grünfeld miezi kadhaa, unaketi, na mpinzani anacheza mfumo uitwao London: d4, Bf4, e3, Nf3, c3, bila c4 wala farasi c3. Ile d5 yako haina cha kupiga. Maarifa yako yote yamebaki mfukoni.

Mwenye King's Indian anacheza vilevile anavyocheza siku zote: g6, Bg7, d6, 0-0, kisha anaandaa e5, mara nyingi kwa Nbd7 na Qe8. Askofu wa Nyeupe aliyeko f4 anajikuta mbele ya askari anayekuja. Hakuna somo jipya.

Ujanja mwingine unamkuta mtu wa Grünfeld kwenye 1.c4. Ukijibu Nf6, naye akacheza 2.Nc3, ukaweka g6, yeye anasukuma 3.e4. d5 imezuiwa. Unalazimika kucheza d6, naye anaweka d4, na uko wapi? Ndani ya King's Indian, ulinzi uliokataa kuusoma. Mwenye Grünfeld mwangalifu hubadilisha hatua ya pili na kucheza 2...d5, lakini hilo nalo ni la kujifunza. Kwa maneno mengine, ukichukua Grünfeld unahitaji na kipande cha King's Indian au kitu cha badala yake. Kinyume chake hakipo.

Na dhidi ya 1.e4?

Ulinzi wote wawili unajibu 1.d4 pekee, kwa hiyo swali hili haliepukiki. Ukiwa umechagua King's Indian, ndugu yake wa karibu ni Pirc: 1.e4 d6 2.d4 Nf6 3.Nc3 g6. Muundo unaufahamu tayari, ila Nyeupe haijacheza c4, kwa hiyo ina hatua moja zaidi ya kukushambulia. Jihadhari na 4.f4, na jihadhari zaidi na wale wanaopanga Be3, Qd2, Bh6 na h4 bila kufikiri. Hapo usiwahi kumwingiza mfalme ngomeni kabla hujaona anaelekea wapi. Fischer aliutumia Pirc mara moja dhidi ya Boris Spassky mjini Reykjavik 1972, kwenye mchezo wa 17, na ukaisha sare. Kwenye mchezo wa 13 wa mechi hiyohiyo alicheza 1...Nf6, ulinzi wa Alekhine, akashinda. Roho ya Alekhine ndiyo iliyo karibu na Grünfeld: unamvuta adui asogeze askari, kisha unawapiga. Kwa mwenye kiwango cha chini ya 1400 nisingeshauri ama huu ama ule, cheza 1...e5 kwanza ujue katikati ni kitu gani kabla ya kuitoa bure.

Nimzo-Indian, 1.d4 Nf6 2.c4 e6 3.Nc3 Bb4, nayo ni ya shule ileile, na pengine ndiyo iliyo imara kuliko zote. Sababu ya kutoiweka kwenye shindano hili ni kwamba Nyeupe inaikwepa kwa 3.Nf3, na hapo unahitaji ulinzi wa pili. Ni kazi mbili kwa mshahara mmoja.

Ukiamua

Chukua Grünfeld kama unapenda kupiga hesabu ndefu, unapenda mwisho wa mchezo, unacheza zaidi michezo ya saa nzima na kuendelea, na wapinzani wako ni watu wa c4 na Nc3 kweli. Anza na 8.Rb1 na mfumo wa Kirusi, kwa sababu hiyo ndiyo inayoumiza, 7.Bc4 utaielewa njiani. Usiende kwenye mashindano kabla hujaweza kuandika mistari hiyo miwili kwenye karatasi bila kuchungulia.

Chukua King's Indian kama unavumilia kubanwa, unapenda kumwendea mfalme, unacheza michezo mifupi mingi, au huna saa za kutosha. Fungua kichunguzi cha ufunguzi cha tovuti ya chesi ya Lichess, ambacho ni bure, kichuje kwa kiwango chako, na utazame wapinzani wako wanacheza nini hasa hatua ya tano, sita na saba. Soma vile wanavyovicheza wao, na 9.b4 uiache hadi mtu akufunge nayo.

Kuna kundi moja lisilohusika na ushauri huu: vijana wenye mwalimu, muda na kumbukumbu ya kunasa kila kitu. Hao waanze na Grünfeld mapema, na King's Indian wataipata njiani siku ya kwanza mtu atakapowachezea 1.c4 na 3.e4.